Tangi la matumbawe la futi nne: niweke taa gani baada ya kuliunguza tumbawe langu?

BintiMisali

Assalaam aleikum wanajamvi.

Nimekuwa nikisoma hapa kimyakimya tangu mwaka jana, na mengi yaliyokwenda vizuri kwenye tangi langu nimeyapata kwenu. Leo naandika kwa uchungu. Nina tumbawe linaloelekea kufa mbele ya macho yangu, na aliyeliunguza ni mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, naishi London ya mashariki, fleti ya kupanga, ghorofa ya tatu. Baba alikuwa akivua kisiwani Misali, na skuli zikifungwa alikuwa akituchukua. Asubuhi kabla upepo haujaanza, ukilala kifudifudi kwenye ngalawa na kuchungulia chini, unayaona matumbawe yamejipanga kana kwamba kuna mtu kayapanda: mengine kama pembe za paa, mengine kama sinia, mengine kama uyoga uliovimba. Nimeyatamani hayo sebuleni kwangu kwa miaka ishirini, na mwaka huu ndio nimejaaliwa.

Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 50, kina 50, yaani kama lita 300. Lina ukanda wa kioo katikati juu, unaoshika kioo cha mbele na cha nyuma. Lina miezi saba tangu nitie maji. Maji nimeyapima: joto nyuzi 25.5, chumvi 1.025, naitreti 10, fosfeti 0.05, alkali 8.2, kalsiamu 420. Samaki wanne, wote wazima. Matumbawe ni Sarcophyton moja, lile la umbo la uyoga, zoa (vile vidogo laini kama maua) aina tatu, na Euphyllia glabrescens yenye vichwa vitano, vidole virefu vya kahawia na ncha za kijani zinazong'aa. Hiyo Euphyllia niliinunua kwa pesa ya sikukuu.

Mwanzoni nilikuwa na taa nyembamba ya wati 30, ile ya matangi ya maji yasiyo na chumvi. Kila kitu kilikuwa hai lakini kimesinyaa, na Sarcophyton lilikuwa linarefuka shingo kama linatafuta kitu. Nikanunua mtandaoni taa ya LED iliyotumika, sanduku jeusi, imeandikwa wati 165, balbu ndogo 55 ndani yake. Muuzaji akaniambia niiwashe nyeupe na buluu zote asilimia 100, maana matumbawe ni viumbe vya jua. Nikaamini kwa sababu nimeliona jua la Misali. Nikaiweka juu ya maji sentimita 20.

Siku ya kwanza Euphyllia ilifunguka kuliko wakati wowote. Siku ya tatu vidole vikafupika. Siku ya sita nimerudi kazini nimekuta vichwa viwili vimekuwa vyeupe, na nyama yake imekuwa kama kioo, naona kuta za mifupa kwa ndani. Leo ni siku ya nane, na cha tatu kimeanza.

Nimeizima ile taa, nimerudisha ya zamani. Naomba mnisaidie. Je, linaweza kupona? Na niweke taa gani hasa? Nina pauni 500, siwezi kutoboa dari ya mwenye nyumba, na mume wangu anasema sebule ikiwa ya buluu usiku kucha atahamia chumbani. Wengine wananiambia tyubu za T5, zile nyembamba za floresenti, wengine LED, mmoja kaniambia bila metali halaidi, zile balbu kali za gesi, sitapata kitu. Wati ngapi zinatosha kwa lita 300?

FundiWaNyaya

Wa aleikum salaam dada yangu. Pole sana. Mimi ni fundi umeme, nipo Birmingham, na nafuga matumbawe tangu 2009. Nitaanza na mgonjwa, taa baadaye.

Liangalie kwa karibu usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa tochi dhaifu. Ikiwa nyama bado imeshika mfupa pande zote, hata kama ni nyeupe, liko hai. Lililopotea ni mwani. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, zuzanthela, na hao ndio wapishi wake: sehemu kubwa ya chakula chake inatoka kwao. Mwanga ukizidi ghafla, wale mwani wanazalisha sumu za oksijeni kuliko tumbawe linavyoweza kuzihimili, basi linawatoa nje, na linabaki jeupe, na njaa. Kwa hiyo mlishe. Mysis, wale wadudu wa baharini kama kamba wadogo, waliogandishwa, wayeyushe, mkatie vipande vidogo, weka kimoja kimoja juu ya kinywa kwa bomba la sindano, pampu zikiwa zimezimwa, mara mbili au tatu kwa wiki. Usilihamishe kila siku. Kichwa kikianza kutoa utelezi wa kahawia kama uji, kikate na ukitoe tangini siku hiyohiyo, maana huo unaambukiza vichwa jirani.

Ile taa ya zamani iache iwake siku mbili tatu, si zaidi. Giza nalo litalimaliza.

Sasa swali la wati. Dada, wati ni bili ya umeme. Haikuambii mwanga kiasi gani unafika pale tumbawe lilipokaa. Kipimo tunachokitumia ni PAR: ni chembe ngapi za mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 zinaangukia eneo la mita moja ya mraba kila sekunde, zikihesabiwa kwa maikromoli. Namba ninazofuata mimi baada ya miaka yote hii: matumbawe laini na zoa, 50 hadi 120. Jamii ya Euphyllia yako, 80 hadi 150. Matumbawe magumu kama Acropora na Montipora, 200 hadi 350. Namba hizi zinapimwa chini majini, pale tumbawe lilipo, wala si kwenye uso wa maji.

Nina sanduku jeusi kama hilo lako stoo, nililipima mwenyewe. Likiwa sentimita 20 juu ya maji na kila kitu asilimia 100, chini ya katikati ya taa, kina cha sentimita 25, nilisoma 390. Kwenye kona ya tangi, kina hichohicho, 45. Umeiona shida? Kila balbu ina lenzi yake inayobana mwanga uende chini moja kwa moja, kama tochi. Moja kwa futi nne haitoshi hata uipandishe vipi: katikati unaunguza, pembeni una kiza. Na Euphyllia yako nadhani ulikuwa umeiweka katikati, maana kila mtu huweka kipenzi chake katikati.

Kuhusu jua la Misali, hoja yako ni ya haki na nataka kuijibu vizuri. Jua la utosini kwenye tropiki linatoa kama PAR 2000 juu ya maji, na yapo matumbawe ya kina kifupi yanayolipokea kila siku bila kuumia. Lakini hayo yamekulia hapo. Tumbawe linajipanga kulingana na mwanga linaoupata: idadi ya mwani, rangi zao, rangi za kujikinga, yote hayo linayabadilisha kwa wiki kadhaa. La kwako limekaa dukani kwenye mwanga hafifu, likakaa kwako chini ya wati 30, kisha usiku mmoja likapelekwa 390. Hata samaki hatumtoi mfukoni kumtia tangini bila kumzoeza maji.

Aina za taa. Nimezitumia zote tatu.

T5 ndiyo iliyonifundisha. Mwanga wake unatoka kwenye tyubu nzima, hivyo kivuli karibu hakipo, na rangi za Acropora chini yake sijaziona kwingine. Kwa futi nne ungehitaji tyubu sita za wati 54, jumla wati 324. Kwa saa 9 kwa siku ni yuniti 2.9, na kwa bei ninayolipa mimi, senti 27 kwa yuniti, ni kama pauni 24 kwa mwezi. Tyubu zinachoka ndani ya miezi 9 hadi 12 hata kama macho yako hayaoni tofauti, na kila moja ni karibu pauni 20. Tena jambo lingine: tyubu za kawaida za T5 za taa za nyumba na ofisi zimesimamishwa kuingia sokoni Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2023, na hapa kwetu zikafuata 2024. Za akwariamu bado zinapatikana, ila anayeanza leo simshauri ajifunge kwenye kitu ambacho viwanda vinakiacha.

Metali halaidi sikushauri kwenye fleti. Wa Muscat wakija watakuambia habari ya joto.

LED nzuri, mbili, zenye lenzi pana. Kwa tangi lako ndipo ningeweka pesa. Tafuta AI Hydra 32 mbili zilizotumika, kila moja ipo chini ya wati 100 na imekusudiwa eneo la kama sentimita 60 kwa 60, kwa hiyo mbili zinakamilisha 120 yako bila kulazimisha. Utaziendesha asilimia 60 hivi, umeme wake ni kama theluthi ya ule wa T5. Ukipata LED za Radion za toleo la zamani kwa bei hiyohiyo, nazo ni nzuri. Muhimu ni mbili badala ya moja, na lenzi pana.

Usitumie programu ya simu kupima. Inakupa laksi, na laksi imeundwa kufuata jicho la binadamu, ambalo linaona zaidi kijani cha nanomita 555. Taa ya matumbawe karibu yote ni buluu ya 420 hadi 480, kwa sababu ndiyo ile mwani wanayoila zaidi na ndiyo inayofika chini baharini wakati nyekundu imeshamezwa na maji mita za mwanzo. Simu itakuambia kuna kiza pale ambapo kuna moto. Tafuta kipima PAR cha kukodi. Apogee MQ-510 kinaweza kukaa majini na kinasoma buluu ya LED vizuri. Kukinunua kinazidi bei ya taa unayotafuta, lakini maduka kadhaa hukodisha kwa wikiendi, na vilabu vya wafugaji huazimishana.

Dari usiiguse. Nunua bomba la chuma la nyaya, milimita 20, lile la kupitishia umeme kwenye maghala. Unalikunja mara mbili liwe kama mlango usio na kizingiti cha chini: nguzo mbili ubavuni mwa kabati, moja kila upande, kila moja imefungwa kwa vishikizo viwili, na mlalo unaopita juu ya katikati ya tangi kwa urefu wa sentimita 60 juu ya maji. Taa unazining'iniza kwa nyaya nyembamba za chuma ili uweze kuzipandisha na kuzishusha. Kama huna mashine ya kukunjia, usijaribu kwa goti, bomba litabonyea. Peleka vipimo duka la vifaa vya umeme, mara nyingi wana mashine. Bomba moja ni bei ya chakula cha mchana.

Na ukishazifunga, anza asilimia 25. Kila wiki ongeza 5. Ukiona vidole vimefupika, rudi nyuma hatua moja ukae wiki mbili.

Muttrah_77

Salaam aleikum. Fundi kashasema, mimi niongeze la joto tu, maana nimeitwa.

Nipo Muscat, mzee wangu ni wa Zanzibar, nyumbani Kiswahili ndicho kinachosemwa. Nilikuwa na metali halaidi mbili za wati 250, rangi ya 14,000 Kelvini, yaani nyeupe yenye ubuluu, juu ya tangi la lita 500. Wallahi, uzuri wake sijaupata tena. Mwanga wa nukta moja ukipita kwenye maji yanayocheza, unapata ile mistari inayotembea juu ya mchanga, kama unayoiona ukisimama baharini maji ya kiunoni. Wageni walikuwa wakikaa mbele ya tangi na chai yao inapoa.

Lakini Juni hapa nje inapita nyuzi 40, na zile balbu mbili ni jiko. Maji yalikuwa yanataka kwenda 30, kipozamaji kinafanya kazi mchana kutwa, na kile kipozamaji chenyewe kinatoa joto humohumo chumbani, kisha kiyoyozi kinakuja kulitoa. Maji yaliyokuwa yanapaa yalifika lita 9 kwa siku. Usiku mmoja umeme wa kipozamaji ulikatika mimi nipo kazini zamu, nikarudi nikakuta 31.5. Nilipoteza Acropora kumi na moja, za miaka sita. Wiki ileile nikabadili kuwa LED.

Dada, LED nazo zina ile mistari ya kutembea, kwa hiyo hutakosa kile ulichokiona kwenye ngalawa. T5 haina hata kidogo.

La pili: futa taa zako. Mapovu yakipasuka juu ya maji yanarusha vitone, maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye kioo cha taa. Kitambaa laini na maji yaliyochujwa, kila Ijumaa kabla ya sala mimi nafuta. Ukisahau miezi miwili, unadhani tangi lina ugonjwa kumbe ni ukungu wa chumvi.

MzamiajiNungwi

Shikamooni wakubwa, na pole dada wa Pemba.

Mimi sina tangi. Nazamisha wageni kwenye matumbawe ya Mnemba, Zanzibar, nimeingia hapa kwa sababu kichwa cha habari kimesema matumbawe. Nataka kukuambia ninachokiona kila siku huenda kikakusaidia kupanga.

Tumbawe la jamii moja, Montipora au Porites, ukilikuta mita tatu na ukilikuta mita kumi na nane, utadhani ni viumbe viwili. Juu linasimama, limejaa matawi au limeviringana, nene. Chini linajilaza, jembamba, pana kama sinia, linakinga kila mwanga unaoshuka. Ukiliona tumbawe lako linajitandaza na kunyanyua ukingo, au kama lile Sarcophyton lako linarefusha shingo, linakuambia mwanga hautoshi. Likijikunja na kupauka, umezidi. Yanasema polepole lakini yanasema.

Na ule weupe uliouona wewe kwa siku nane, sisi tumeuona baharini. Wazee wanaozamia tangu zamani wanahadithia 1998, maji yalipopata joto pwani nzima hii, na mimi mwenyewe niliuona 2016. Joto na jua kwa pamoja, sababu ni ileile aliyoieleza fundi. Yapo yaliyokufa, na yapo yaliyorudisha rangi baada ya miezi, hasa yale yaliyokuwa chini ya kivuli cha mwamba. Kwa hiyo lipe kivuli, usikate tamaa.

Ombi moja tu, dada: ukija likizo usibebe hata kipande. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Nunua vipande vilivyokuzwa tangini hukohuko.

BintiMisali

Nimerudi baada ya wiki tano, na samahani kwa kimya. Sikutaka kuandika hadi niwe na la kueleza.

Mdogo wangu wa Nungwi, sijawahi kubeba na sitabeba, nakuahidi. Na nimelia kidogo niliposoma habari ya kivuli cha mwamba, kwa sababu usiku uleule nililihamisha chini ya ukingo wa jiwe upande wa kushoto, na halijaguswa tena.

Kichwa kimoja kilitoa ule uji wa kahawia siku ya kumi na moja. Nilikikata kwa koleo la vito alilonalo mume wangu, mikono inatetemeka, nikakitoa. Cha pili kilibaki mfupa mtupu. Vitatu vimebaki. Nimevilisha kila Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi. Wiki ya tatu nilipomulika tochi usiku niliona kinywa kinafunguka chenyewe kabla sijakigusa. Juzi vidole vimetoka, vifupi, urefu wa ukucha, vyeupe kwenye shina lakini ndani yake kuna madoadoa madogo ya kahawia, kama mtu kanyunyiza chai. Mwani wanarudi.

Taa: nimepata Hydra 32 mbili kwa pauni 380 kutoka kwa kijana anayehama. Bomba nimekunjiwa duka la umeme, pauni 14 pamoja na vishikizo. Nimelipaka rangi nyeusi. Taa zipo sentimita 28 juu ya maji. Zinaanza kuwaka saa saba mchana, zinapanda taratibu kwa saa moja na nusu, zinazima saa nne usiku. Nyeupe nimeipandisha kidogo kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku tunapokuwa tunakula, na mume wangu sasa anakaa sebuleni.

Wikiendi iliyopita nilikodi kipima PAR. Taa zote zikiwa asilimia 45, nilipata hivi: juu ya jiwe refu, kina cha sentimita 18, 175. Katikati ya mwamba 120. Mchangani chini ya taa 80. Kona za mbele 50 na 55. Chini ya ukingo lilipo Euphyllia, 60.

Ila kuna namba moja ilinishtua. Katikati kabisa ya tangi, pale ambapo taa mbili zinakutana, nilitarajia nyingi, nikapata 70 kwa kina ambacho pembeni yake kuna 120. Nilizunguka na kijiti cha kipima nusu saa nikidhani kimeharibika. Kisha nikapanda kwenye stuli nikatazama kwa juu: ule ukanda wa kioo umefunikwa na chumvi, tabaka nene jeupe, ngumu kama ukoko wa chungu cha uji. Miezi minane sijawahi kuufuta, kwa sababu ukisimama chini hauonekani. Nilitumia maji ya moto na kitambaa, nikapima tena, 108. Kaka wa Muscat, ulisema taa, mimi nimejifunza na kioo.

Sasa nina swali moja. Nipandishe kutoka 45, au nibaki? Zoa zimefunguka zote na Sarcophyton limeacha kurefuka.

FundiWaNyaya

Alhamdulillah. Baki hapohapo 45. Zoa na Sarcophyton wameshapata wanachotaka, na mgonjwa kwa 60 chini ya kivuli yuko sawa. Ukiona kahawia imejaa hadi kwenye shina, kama miezi miwili hivi, basi mtoe chini ya ukingo umsogeze mbele sentimita 10, mara moja, umwache wiki tatu. Taa usiiguse wakati huo. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kimefanya nini.

Wala usivutwe kurefusha saa ili upate zaidi. PAR 150 kwa saa 9 ni jumla ileile ya 225 kwa saa 6, na matumbawe yanahitaji usiku wake. Watu hawajui ni kiasi gani yanausoma mwanga: kule Horniman Museum, Forest Hill, si mbali nawe, mradi wao ulifanikiwa 2013 kuyafanya matumbawe yazae ndani ya matangi kwa kuigiza mawio, machweo na mwezi kwa taa za LED. Mwezi wewe huuhitaji sasa, lakini kiza cha kweli unakihitaji. Kama taa ya korido inaingia sebuleni usiku, funga mlango.

Ukikodi tena kile kipima, andika namba kwenye karatasi kwa ramani, ukitazama tangi kwa juu, na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Siku ukileta tumbawe jipya utajua pa kuliweka kabla hujatia mkono majini.

BintiMisali

Nimeshaibandika. Nimechora na ule ukingo, na herufi E mahali lilipo. Mlango wa korido nimeufunga tangu usiku huu.